Kuingiza huduma ya afya ya akili katika kliniki ya kisukari na presha: mwongozo kamili kwa vituo vya afya vya Tanga

Vituo vingi huanza kwa bidii. Dodoso la kutafuta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, linapigwa fotokopi, wauguzi wanapewa semina ya siku moja, na wiki ya kwanza kila mgonjwa anaulizwa. Ikifika mwezi wa tatu, nakala zilizobaki zinaandikiwa nyuma hesabu ya chai ya ofisi.

Wanaokwama hukwama mahali palepale. Siku moja mama wa makamo aliyefuata dawa zake za presha anajibu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, mara nyingi anatamani asiamke. Muuguzi anamtazama, anaitazama foleni, hajui ampeleke wapi wala ampigie nani. Anamwambia "usiwaze sana mama, mtegemee Mungu," kisha anamruhusu. Toka siku hiyo anaacha kuuliza. Mimi simlaumu. Nani atataka kufungua mlango asioweza kuufunga?

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Kwanza mnaandaa majibu, halafu ndipo mnauliza maswali.

Nimeuandika kwa ajili ya kituo cha afya chenye tabibu, wauguzi, dirisha la dawa na siku maalumu ya kliniki ya kisukari na presha. Zahanati inaweza kuufuata pia, ila sehemu ya dawa iwaachie wa ngazi ya juu.

Kwa nini kuanzia kisukari na presha? Kwa sababu wagonjwa ni walewale kila mwezi, faili wanazo, na sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya wasio nacho. Mwenye sonona husahau dawa, haendi kutembea, anakula chochote kilicho karibu au hali kabisa. Sukari inapanda, tabibu anaongeza dozi ya vidonge ambavyo mgonjwa hata havimezi. Nusu ya kazi yenu ya kisukari inaishia hapo.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona, kwa Kiswahili. Lipo, linatumika Afrika Mashariki, na halilipiwi. Msilitafsiri upya wenyewe, kwa sababu maneno yakibadilika alama nazo hubadilika maana.
- Kadi ngumu yenye visanduku 14 vilivyochorwa kwa safu mbili, kila kisanduku siku moja. Matumizi yake yako Hatua ya 3.
- Daftari moja kubwa lenye jalada gumu, pamoja na kabati au droo yenye kufuli.
- Simu ya kituo yenye salio. Isiwe simu ya muuguzi, maana akihamishwa namba anaondoka nayo.
- Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu magonjwa ya akili mahali pasipo na bingwa, toleo la 2016, uliochapishwa na kuwekwa mezani kwa tabibu. Ukibaki kwenye kompyuta hakuna atakayeufungua mgonjwa akiwa mbele yake.
- Dawa za sonona: fluoxetine ya miligramu 20, na amitriptyline ikiwa tabibu anaijua vizuri. Mfamasia aziingize kwenye maombi ya Bohari ya Dawa mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza.
- Chumba chenye mlango. Pazia halitoshi.
- Glukomita, mashine ya presha na kipimo cha wingi wa damu. Hivi mnavyo tayari.

Sikuweka daktari bingwa wa magonjwa ya akili kwenye orodha hii. Anahitajika, lakini anahitajika kwenye simu. Mkingoja apangiwe kituoni kwenu mtangoja sana.

## Hatua ya 1: Tengenezeni njia ya mgonjwa mzito

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoua huduma. Chukueni wiki mbili nzima kwa ajili yake, hata kama mganga mfawidhi ana haraka ya kupeleka taarifa wilayani.

Kaeni watatu: mfawidhi, tabibu wa kliniki na muuguzi kiongozi. Andikeni kwenye karatasi moja majibu ya maswali haya:

Nani tunampigia? Mtafuteni mratibu wa afya ya akili wa wilaya na kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mwendeeni mtu ana kwa ana na mkubaliane. Namba iliyochukuliwa kwenye orodha bila mwenyewe kujua haitapokelewa saa 2 usiku.

Mgonjwa anakwenda wapi? Kwa vituo vya jijini, kama Ngamiani, Makorora au Pongwe, jibu ni Bombo. Kwa vituo vya Korogwe kuna pia hospitali ya Lutindi huko milimani, inayomilikiwa na kanisa la Kilutheri, ambayo kazi yake ni magonjwa ya akili. Vituo vya Pangani, Mkinga na Kilindi vianze na hospitali ya wilaya, kisha viulize mapema kama siku hiyo kuna mtu wa kumwona mgonjwa.

Anakwenda na nini? Gari la wagonjwa likiwa bovu, nani analipa nauli? Nimeona rufaa zilizoandikwa vizuri kabisa zikabaki mfukoni mwa mgonjwa kwa kukosa nauli ya basi. Kamati ya afya ya kituo ijadili hili kabla.

Nani anamsindikiza? Mgonjwa anayetaka kujidhuru haendi peke yake, hata kama anatembea vizuri na kuzungumza kwa utulivu.

Usiku na siku za mapumziko je? Mtu wa zamu awe na karatasi hiyohiyo.

Bandikeni karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la chumba cha tabibu. Isikae ukutani mapokezini.

*Tahadhari.* Kanuni ya Adhabu inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na wananchi wanalijua hilo. Ndiyo maana wengi hufika wakisema "nilikosea, nilidhani ni dawa ya kifua." Aliyekunywa sumu au kumeza vidonge vingi anatibiwa kwanza. Hakuna cha kumwuliza karatasi ya polisi wakati anatapika. Mkubaliane hili kama kituo, maana mtu wa zamu akiwa peke yake anaweza kuogopa.

*Mmefanikiwa kama:* yeyote kati ya watumishi, pamoja na mtu wa mapokezi, akiulizwa ghafla "mgonjwa anasema anataka kufa, unafanya nini?" anajibu bila kwenda kumwuliza mwingine.

## Hatua ya 2: Gawaneni kazi, pangeni chumba

Muuguzi anayepima presha aulize maswali mawili ya mwanzo. Muuguzi wa pili, aliye chumbani, amalizie dodoso zima. Tabibu aamue tiba. Mtu mmoja awe mwenye daftari, na jina lake liandikwe juu ya jalada.

Chagueni wa kukaa chumbani kwa tabia yake, cheo kisiwe kigezo. Mnamjua wenyewe: yule ambaye wagonjwa humfuata nje ya zamu yake kumweleza habari za watoto wao. Anayependa kuhubiri asikae pale, hata akiwa na shahada tatu.

Tanga ni ndogo. Muuguzi wa Ngamiani anaweza kuwa jirani wa mgonjwa, au wifi wa jirani. Kwa hiyo kila mgonjwa apewe nafasi ya kumkataa mhojaji bila kuulizwa sababu.

Kuhusu siku: anzeni na siku moja ya kliniki kwa wiki, na wale tu waliokuja siku hiyo. Mkitaka kuwamaliza wote kwa mwezi mmoja foleni itafika nje, wagonjwa watanung'unika, na mfawidhi atasimamisha kazi. Atakuwa na haki.

## Hatua ya 3: Maswali mawili kwenye meza ya presha

Maswali mawili ya kwanza ya PHQ-9 yanatosha kuchuja. La kwanza linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, la pili linahusu huzuni, kuvunjika moyo au kukata tamaa. Yote yanauliza habari za wiki mbili zilizopita.

Kinachowashinda wengi ni namna ya kuingia. Muuguzi wa miaka 25 hawezi kumkazia macho bibi wa miaka 70 na kumwuliza kama ana huzuni. Atajibiwa "alhamdulillahi, sijambo," basi. Jaribuni hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, presha yako nimeshaiandika. Haya maradhi ya sukari yanachosha mwili, na moyo nao yanauchosha. Kwa hiyo siku hizi kila anayekuja hapa tunamuuliza maswali mawili, wakubwa kwa wadogo. Naomba na wewe nikuulize."

"Haya, uliza."

Maneno "kila anayekuja hapa" msiyaache. Yanamwondolea mgonjwa wasiwasi kwamba amechaguliwa kwa sababu anaonekana mwehu. Msitaje "ugonjwa wa akili" mezani pale. Kwa watu wengi hilo ni jina la anayeokota makopo barabarani, na bibi yule atainuka.

Sasa ile kadi ya visanduku 14. Majibu ya dodoso yana ngazi nne: hata kidogo (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Mkisema "zaidi ya nusu ya siku" peke yake mgonjwa atakubali chochote ili amalize. Mwekeni kadi mbele: "Hii ni leo, hii ni Ijumaa iliyopita, hii ni Ijumaa ya kabla yake. Siku ngapi kati ya hizi moyo ulikuwa mzito?" Atagusa kwa kidole. Visanduku vinane na kuendelea ni alama 2, vikikaribia vyote ni 3.

Jumla ikifika 3 au zaidi kati ya 6, mgonjwa anakwenda chumbani kwa dodoso zima. Chini ya hapo anaendelea na kliniki yake. Lakini muuguzi akiona mtu amejibu sifuri mbili huku machozi yanamlenga, ampeleke tu. Karatasi haijawahi kumwona mtu.

*Tahadhari.* Mkwe, mume au mjukuu aliyemsindikiza asijibu kwa niaba yake. Mwambieni kwa heshima akachukue namba ya dirisha la dawa. Kazi ya kweli humwondoa mtu vizuri kuliko kumwambia "tupishe."

## Hatua ya 4: Dodoso zima, chumbani

Maswali ni tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Kusomewa ni bora kuliko kupewa kalamu, hata kwa anayejua kusoma.

Alama 0–4 hazina tatizo. 5–9 ni dalili hafifu: mpe maelezo, mwulize tena mwezi ujao. 10–14 ni sonona ya wastani, hapa ndipo tiba inapoanzia. 15–19 ni nzito kiasi. 20 na kuendelea ni nzito, na simu ya Hatua ya 1 ipigwe siku hiyohiyo.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kupata alama nyingi kwa sababu ya sukari yenyewe. Anaamka mara nne kukojoa, kwa hiyo swali la usingizi linapanda. Amechoka, hamu ya kula imeharibika, na maswali mawili mengine yanapanda. Tazameni alama zimetoka wapi. Zikikusanyika kwenye swali la 3, la 4 na la 5 tu, rekebisheni sukari kwanza na mwulizeni tena baada ya mwezi. Zikiwa kwenye la 1, la 2, na la 6 linalohusu kujiona hufai au umewaangusha wa kwenu, hiyo haitoki kwenye sukari peke yake.

Mwezi wa Ramadhani una shida yake. Usingizi unakatika kwa ajili ya daku, na saa za kula zimegeuka. Kwa wanaofunga, ulizeni kama usingizi unamkataa hata akipata nafasi ya kulala, na kama futari ikiwekwa anaitamani au anaitazama tu.

Wengi hawatasema huzuni hata kidogo. Watasema mwili unawaka moto, kichwa kizito, moyo unakwenda mbio, nyayo zinachoma. Yaandikeni kama yalivyosemwa. Nyayo kuchoma kunaweza kuwa mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na kisukari, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

## Hatua ya 5: Swali la tisa

Hili linauliza kama mtu amewaza kuwa heri afe, au kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya 0, hata siku moja, linasimamisha mambo mengine yote. Jumla ya alama haijalishi tena. Mtu mwenye alama 8 anaweza kuwa kwenye hatari kubwa kuliko mwenye 18.

Kuuliza wazi hakumtii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi hupumua, kwa kuwa amelibeba peke yake muda mrefu. Endeleeni taratibu, kwa mpangilio huu:

"Umesema kuna siku unaona heri usingekuwepo. Watu wenye mzigo mzito huwaza hivyo. Je, umewahi kuwaza kujiua?"

"Umefikiria utafanyaje?"

"Hicho kitu unacho nyumbani?"

"Umeshawahi kujaribu?"

"Ni nini kimekuzuia mpaka leo?"

Swali la mwisho ndilo lenye dawa. Atasema watoto, atasema mama yake, atasema anamwogopa Mungu. Pokeeni jibu lake na mlishike, ndilo mtakalojengea. Lakini nyinyi msimtangulie kumwambia ni dhambi. Akilisema yeye ni nguzo, mkilisema nyinyi anafunga mdomo.

Kama amewaza tu, hana mpango wala hajajaribu: mweleze tabibu, aingie kwenye daftari kwa wino mwekundu, arudi ndani ya wiki moja, na kwa ruhusa yake ndugu mmoja ajulishwe.

Kama ana mpango, au kitu anacho, au amejaribu siku za karibuni: asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Simu ipigwe, msindikizaji atafutwe, na rufaa iende leo. Ndugu aliye nyumbani aambiwe aondoe sumu ya panya na dawa za wadudu za shambani, na vidonge vyote, pamoja na insulini na glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), vikae kwa mtu mwingine. Mgonjwa wa kisukari ana kitu cha kumdhuru ndani ya mfuko wake wa dawa, na hilo vituo husahau.

*Mmefanikiwa kama:* hakuna dodoso hata moja kwenye mafaili lenye swali la tisa juu ya 0 bila maandishi ya kilichofanyika baada yake. Mfawidhi alikague hili kila mwezi kwa macho yake.

## Hatua ya 6: Pimeni mwili kabla ya kutaja sonona

Hapa nitakwenda haraka, tabibu analijua. Pimeni sukari: ikishuka sana mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, akaonekana ana wasiwasi mkubwa. Pimeni wingi wa damu. Papaseni shingo kama tezi imevimba. Kwa mama aliye kwenye umri wa kuzaa, ulizeni ujauzito.

Pitieni dawa. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir akilalamika kukosa usingizi, mwambieni aimeze asubuhi. Anayetumia isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu akianza kusikia sauti au kuchanganyikiwa, hiyo dawa inaweza kuhusika, mpigieni mtaalamu.

Ulizeni pombe, na muulize mnazi na gongo kwa majina yao. Ukisema "pombe" tu wengine watafikiria bia.

*Tahadhari.* Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, ni mgonjwa wa dharura wa mwili mpaka ithibitike vingine. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari iliyoshuka vinaua haraka. Ndugu wakisema "amepandwa na shetani" wasikilizeni, lakini glukomita iwe kidoleni huku mkiwasikiliza.

## Hatua ya 7: Tiba yenyewe

### Mazungumzo

Kwa alama 10–14 anzeni na mazungumzo. Zimbabwe wamefanya hivi tangu 2006: bibi waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanawasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hawa bibi hawakuwa madaktari. Muuguzi wenu anaweza.

Kikao kiwe cha nusu saa mpaka dakika 45, vikao vinne hadi sita, wiki moja au mbili kati yake. Chukueni mfano wa mvuvi wa Sahare mwenye kidonda mguuni. Haendi baharini, nyumbani anategemea mke anayeuza vitumbua, anaona aibu, amejifungia ndani.

Kwanza ataje matatizo yote, muuguzi anaandika. Mguu, deni la nyavu, aibu kwa mke, usingizi. Kisha achague moja, yeye mwenyewe. Akichagua deni, msimvute kwenye mguu kwa sababu nyinyi ni watu wa kidonda.

Halafu ataje njia zote za kulikabili deni, hata za kijinga. Achague moja inayowezekana wiki hii: kwa mfano kumwendea mwenye deni Jumanne baada ya swala ya alasiri, kumweleza hali, kuomba muda mpaka mguu upone. Muuguzi aandike siku na saa. Kikao kijacho kianze na swali hilo: ulikwenda? Kama hakwenda, hakosolewi. Hatua ilikuwa kubwa mno, ipunguzeni.

Sambamba na hilo, arudishiwe jambo moja alilokuwa akilipenda. Huyu anaweza kukaa kushona nyavu na wenzake, mguu ameuweka juu. Hamu haianzi kabla ya kutenda, kwa mwenye sonona hufuata nyuma.

*Tahadhari.* Ushauri wa bure ndio unaoharibu. Muuguzi akijikuta amezungumza zaidi ya mgonjwa, amekosea njia.

### Dawa

Alama 15 na kuendelea, au mazungumzo yasipotosha, tabibu aliyefundishwa afikirie dawa. Kabla ya kuandika, aulize: kumewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kutolala siku kadhaa bila kuchoka, kutapanya pesa? Jibu likiwa ndiyo, asianzishe dawa ya sonona. Ampigie mtaalamu, maana dawa hiyo inaweza kumrusha mgonjwa kwenye kipindi kingine kama hicho.

Fluoxetine miligramu 20 asubuhi, baada ya chakula. Mwambieni mgonjwa mambo matatu kabla hajatoka: haifanyi kazi kesho, inachukua wiki nne hadi sita, siku za mwanzo anaweza kupata kichefuchefu au kuhangaika, na akipata nafuu asiiache, ataendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupona. Wanaoacha wiki ya pili ni wale ambao hawakuambiwa hayo. Kwa wenye insulini au glibenclamide pimeni sukari mara nyingi zaidi, inaweza kushuka. Vijana waonwe kila wiki mwanzoni, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua.

Amitriptyline ni rahisi kupatikana, na ndiyo ninayoiogopa. Ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Msimpe mwenye ugonjwa wa moyo, mwangalie sana mzee, na mgonjwa yeyote aliyejibu swali la tisa juu ya 0 asiondoke na vidonge vya mwezi. Apewe ndugu, vya wiki moja.

Diazepam si tiba ya sonona. Inalaza, mgonjwa anashukuru, na baada ya miezi mitatu hawezi kulala bila hiyo.

### Mganga

Karibu kila mgonjwa atakuwa amepita kwa mganga au kwa shehe wa kusomewa. Ulizeni hivi: "Kabla ya kuja hapa ulipita wapi, na ulisaidiwaje?" Kwa sauti ileile mnayoulizia dawa za presha. Dua na kusomewa havigongani na fluoxetine. Msikubali mambo matatu: kuacha insulini ili dawa ya miti ifanye kazi, kufungwa kamba au minyororo, na kupigwa. Tiba asili inatambuliwa kwa sheria tangu 2002, kwa hiyo waganga waliosajiliwa mnaweza kuwafuata mkakubaliana nao dalili za kuwaletea. Wengi hukubali, mradi na nyinyi msiwaseme vibaya mbele ya wateja wao.

## Hatua ya 8: Daftari

Mistari yake: namba ya faili, tarehe, alama za PHQ-9, swali la tisa, tiba, tarehe ya kurudi, amerudi au hakurudi, alama mpya. Jina libaki kwenye faili. Taarifa ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za afya, ijazwe kama kawaida, haichukui nafasi ya daftari hili. MTUHA inawaambia wangapi mliwaona. Daftari linawaambia nani hajarudi.

Kila Ijumaa mchana mwenye daftari atazame waliokosa wiki hiyo awapigie. Kwanza ulizeni mapema simu ni ya nani. Mara nyingi ni ya mume au ya kijana wa nyumbani. Kwa hiyo ujumbe useme "kituo cha afya kinakukumbusha kliniki yako ya presha," basi. Asiyepokea mara mbili, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampitie nyumbani kama anayefuatilia presha.

Alama zikirudiwa kila mwezi, shikeni namba hizi: kushuka kwa pointi 5 ni dalili njema, kushuka kwa nusu ni kwamba tiba imeshika, chini ya 5 ni kupona. Wiki nane zikipita na alama hazijashuka hata kwa nusu, badilisheni kitu. Ongezeni dozi, au unganisheni dawa na mazungumzo, au pigeni simu Bombo. Kosa kubwa la kliniki ni kumwandikia mtu "aendelee" miezi sita huku alama zimesimama 16.

## Hatua ya 9: Kikao cha nusu saa, kisha kupanua

Mara mbili kwa mwezi, tabibu na muuguzi wa chumbani wapige simu kwa mtaalamu mliyekubaliana naye, daftari likiwa wazi mbele yao. Msijadili wote. Jadilini wasiopata nafuu na wenye wino mwekundu, wengine waacheni. Bila majina kwenye simu, na bila kupiga picha daftari kulituma kwenye kundi la WhatsApp la watumishi.

Katika kikao hicho muuguzi wa chumbani aulizwe na yeye hali yake. Anasikia mazito kila wiki. Akiomba kupumzika mwezi mmoja apumzike, na mwingine awe ameshafundishwa.

Miezi mitatu ikipita na daftari halina mashimo, fungueni kliniki ya mama na mtoto. Huko tumieni PHQ-9 hiyohiyo au dodoso la Edinburgh lenye maswali 10, ambalo la mwisho ndilo la kujidhuru. Pazuri pa kuanzia ni chanjo ya wiki ya 6, kwa sababu mama huja hata kama yeye mwenyewe hajisikii kuja. Mwulizeni wakati mtoto yuko kwenye mizani na bibi yake anahangaika kumvua nguo.

CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, iwe ya tatu. Wana washauri nasaha tayari, na wagonjwa wamezoea kuulizwa mambo ya ndani, kwa hiyo Hatua ya 3 na ya 4 zitakwenda haraka. Hatua ya 1 irudieni upya hata hivyo: wahusika ni wengine, zamu ni nyingine, na namba ya simu iliyo kwenye karatasi huenda mwenyewe ameshahamia Handeni.